Mali ya Umma Ikaguliwe Kabla ya Kuuzwa

Maneno yaliyosemwa mjini Nyeri, mbele ya wanaharakati na waumini wa miji ya Mlima Kenya



Mlituomba tuseme juu ya kanuni za mazingira zinazopasa kufuatwa pale serikali inapoiondoa mikononi mwake mali ambayo inasema haiihitaji tena. Tunatambua kwamba mada hii haichemshi damu. Haina ngoma wala bendera. Hata hivyo tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa mtu akitaka kujua jinsi mageuzi tuliyoyapigania yalivyodhoofishwa baada ya kifungu cha 2A kufutwa mnamo Desemba 1991, hapana budi atazame ardhi na majengo ya umma. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka uliofuata, ilieleza bila kuficha kwamba ugawaji mwingi wa ardhi ya umma uliowanufaisha wakubwa ulifanyika muda mfupi kabla au baada ya uchaguzi mkuu wa 1992, wa 1997 na wa 2002. Tume hiyo ilikadiria kwamba hatimiliki haramu zipatazo 200,000 zilitolewa kati ya mwaka 1962 na 2002. Kura zetu zilikuwa zikihesabiwa hadharani, na huku malipo ya kuzitafuta yakitolewa kwa viwanja vya zahanati, nyumba za watumishi, kingo za mito na vipande vya msitu.

Kuhusu haki na dhuluma ya ugawaji huo mmesikia mengi, na wengine wenu mmeyasema vizuri kutuzidi. Leo tunataka kushika upande mmoja tu ambao kwa kawaida huachwa. Mali ya umma inapotoka mikononi mwa umma, ni nani anayeuliza maji yatakwenda wapi, udongo una nini ndani yake, na miti ya pale itakuwa nini? Na je, anauliza kabla ya nyundo ya dalali kugonga meza, au baada yake?

Tuanze na neno lenyewe. Mali huitwa ziada. Neno hilo lina sauti ya upole, kama unga uliobaki baada ya watoto kushiba. Lakini mali haijiiti ziada yenyewe. Kuna kikao, na katika kikao hicho kuna maofisa wachache wenye orodha mbele yao, nao ndio wanaoandika kwamba nyumba fulani, karakana fulani au kiwanja fulani hakina kazi tena. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, kila idara ya serikali yapaswa kuwa na kamati ya namna hiyo. Sheria imezitaja njia zinazoruhusiwa: mali ipewe idara nyingine ya umma, iuzwe kwa zabuni ya wazi, iuzwe kwa mnada, itolewe kwa kubadilishana, au ishughulikiwe kama taka. Hizi ni kanuni njema. Zinalinda shilingi ya mlipa kodi, na tusiwabeze walioziandika. Ila ukizisoma utaona kwamba sehemu kubwa ya wasiwasi wake ni bei: isije mali ikauzwa kwa bei ya kutupa. Swali la kama mali hiyo ilikuwa ikifanya kazi isiyoonekana katika vitabu vya hesabu, kama kushikilia ukingo wa mto au kuhifadhi chemchemi, halipewi nafasi ya namna hiyo.

Mtu atatujibu kwamba swali hilo lina sheria yake. Ni kweli. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Januari 2000, inamtaka kila mwenye mradi ulioorodheshwa katika jedwali lake la pili apeleke taarifa kwa mamlaka ya NEMA kabla ya kuugharimia au kuuanza. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka anayefanya tathmini kamili afanye mikutano isiyopungua mitatu na wananchi watakaoathirika, na tangazo lisomwe redioni katika lugha rasmi na lugha ya wenyeji. Hapa ndipo penye pengo, nasi tunawasihi mlishike vizuri. Sheria inamhoji mwenye mradi. Kuuza si mradi. Afisa anayetia sahihi ya kuuza ekari kumi kando ya mto hajengi kitu, hachimbi kitu, hakati mti hata mmoja. Kwa hiyo haulizwi lolote. Anayeulizwa ni mnunuzi, siku atakapoleta ramani ya jengo lake. Siku hiyo ardhi tayari ni yake. Amelipa, ana hatimiliki, pengine ana deni la benki lililowekewa rehani hiyo hiyo. Mkutano wa wananchi unaofanyika wakati huo haujadili tena kama kiwanja kibaki kuwa cha umma. Unajadili mahali pa kuchimba choo.

Yako maneno katika jedwali hilo la mwaka 1999 ambayo yangeweza kutusaidia: yanataja mabadiliko makubwa katika matumizi ya ardhi. Lakini muuzaji atasema, na kwa hoja yenye nguvu, kwamba yeye habadilishi matumizi, anabadilisha mwenyewe tu. Na mnunuzi atasema kwamba matumizi yalikuwa yamekwisha kubadilika siku serikali ilipoitangaza mali kuwa ziada. Kila mmoja humsukumia mwenzake, na swali likaanguka katikati.

Tusidhani kwamba haya ni mawazo ya vitabuni. Watu wa Nyeri mnayajua kwa historia yenu wenyewe, kwa kuwa aliyeyatangulia alizaliwa hapa Ihithe. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, alikwenda Mahakama Kuu. Kesi yake ilitupwa. Hakutupwa kwa sababu jumba lilikuwa zuri kwa bustani. Mahakama ilisema hakuwa na haki ya kushtaki, kwa maana hakuonyesha madhara yaliyompata yeye mwenyewe kuliko mwananchi mwingine yeyote. Fikirini hoja hiyo. Kwa kuwa bustani ilikuwa ya wote, hapakuwa na hata mmoja aliyeruhusiwa kuitetea. Jumba halikujengwa, lakini lililoliangusha ni kelele za wananchi na aibu mbele ya wafadhili, si hukumu.

Miaka kumi na miwili baadaye ikaja zamu ya mlima wetu. Februari 2001 serikali ilitangaza kusudio la kukata zaidi ya hekta 67,000 kutoka misitu kadhaa ya nchi, Mlima Kenya ukiwa miongoni mwao. Sheria ya misitu ya wakati huo ilimtaka waziri atoe notisi ya siku 28 katika Gazeti Rasmi la Serikali, basi. Siku 28, katika gazeti ambalo mkulima wa Kabaru au wa Hombe halioni kamwe. Sheria mpya ya mazingira ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na mwezi, wino wake haujakauka, na bado notisi ile haikuletwa mbele ya wananchi pamoja na tathmini yoyote ya nini kingeipata mito. Machi mwaka huo Profesa Wangari alikamatwa katika kijiji cha Wang'uru karibu na Mlima Kenya, akikusanya sahihi za wananchi waliopinga. Alikamatwa kwa kufanya kwa kalamu na karatasi kile ambacho tathmini ya kisheria ingepaswa kukifanya: kuwauliza wanaoishi pale.

Na kumbukeni ni mlima gani uliokuwa ukikatwa. Ulikuwa umetangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1997. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilikuwa limeuzunguka kwa ndege na kuhesabu uharibifu: miti ya asili iliyokatwa, hasa muthaiti, tanuri za makaa, na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Kutokana na uchunguzi ule, mwaka 2000 msitu uliwekwa chini ya ulinzi wa shirika hilo. Kwa mkono mmoja serikali iliulinda, na kwa mkono wa pili, kabla ya miezi kumi na minane kupita, ikatangaza kwamba sehemu yake si msitu tena. Maji ya Thiba na Nyamindi yanayonywesha mpunga wa Mwea, maji ya Tana yanayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hayakuitwa kutoa ushahidi.

Basi nini kilibadilika? Hapa tuna habari njema, na tunaitoa kwa sababu ndiyo msingi wa ombi letu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iligeuza utaratibu ule juu chini. Ilisema kwamba mpaka wa msitu wa serikali hauwezi kubadilishwa mpaka kwanza ifanyike tathmini huru ya athari kwa mazingira, wananchi washauriwe, na Bunge lipitishe azimio. Sheria ya mwaka 2016 iliyochukua mahali pake inamtaka anayeomba msitu uondolewe aonyeshe kwamba kufanya hivyo hakutahatarisha viumbe walio adimu wala kudhuru kazi ya msitu kama chanzo cha maji. Angalieni mpangilio: maswali kwanza, kuondoa mali baadaye. Na mzigo wa kuonyesha uko juu ya anayetaka kuondoa, hauko juu ya mama mwenye kuni mgongoni.

Kama imewezekana kwa msitu, kwa nini isiwezekane kwa mali nyingine ya umma? Hilo ndilo neno tulilokuja kulisema.

Maana mali ya umma katika miji hii si msitu tu. Chukueni majosho ya ng'ombe. Kila mzee aliyeko hapa anakumbuka siku ya kuogesha, mistari ya mifugo alfajiri na harufu ile isiyosahaulika. Katika majosho ya Afrika Mashariki ilitumiwa kwanza aseniki, na baadaye dawa za jamii ya klorini kama toksafini, ambazo hukaa ardhini kwa miaka mingi sana. Dawa iliyochakaa ilichotwa na kumwagwa shimoni kando ya josho, na ng'ombe walipotoka walijikung'uta hapo hapo. Miaka ya themanini na tisini serikali ilipojitoa katika huduma za mifugo kwa shinikizo la kupunguza matumizi, majosho mengi yalikabidhiwa wanakijiji au yakaachwa tu. Josho lililoachwa halionekani kuwa na ubaya: saruji iliyopasuka, majani mabichi kuzunguka, kiwanja kidogo kilicho karibu na barabara. Kwa macho ya kamati ya mali, ni ziada kabisa. Kwa macho ya kijana anayetafuta mahali pa kupanda sukuma wiki, ni bahati. Hakuna karatasi katika mauzo inayomwambia kilichomwagwa pale. Udongo hauwezi kusema, na aliyekuwa akiutia dawa amestaafu au amekufa.

Au chukueni nyumba za zamani za watumishi. Nyingi ziliezekwa kwa asbesto, jambo lililokuwa la kawaida wakati huo na ambalo leo limekatazwa, kwa kuwa vumbi lake likivutwa huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinahesabu asbesto kuwa taka ya hatari, ya kushikwa na wenye leseni peke yao. Lakini nyumba ikiuzwa pamoja na paa lake, hatari huuzwa nayo, na fundi wa mtaani ataitwa kwa ujira wa siku moja kuzivunja bati zile kwa nyundo. Watoto wa jirani watazichezea. Serikali haitakuwa imevunja kanuni yoyote ya taka. Itakuwa imeuza nyumba.

Tuongeze karakana za magari na za barabara, ambako oili chafu imekuwa ikimwagwa nyuma ya ua tangu enzi za mkoloni, na magari makuukuu yanayokwenda mnadani pamoja na betri zake. Anayedhani betri ni jambo dogo awaulize watu wa Owino Uhuru huko Mombasa. Pale ni kiwanda cha watu binafsi kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, na sumu ya risasi ikaingia katika damu ya majirani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zilikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuchangia malipo. Ilipofika Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo baada ya mabishano ya miaka. Tunataja kesi hii kwa sababu moja. Wale wanaosema kwamba ukaguzi kabla ya kuuza utaigharimu serikali fedha nyingi, wapige hesabu pia ya gharama ya kutokagua.

Pingamizi nyingine ni nzito zaidi, nasi hatutaikwepa. Husemwa: kuna nyumba za serikali zinazooza, matrekta yanayoota kutu, viwanja vilivyogeuka kuwa majalala na maficho ya wezi. Ukiongeza ukaguzi juu ya ukaguzi, vitaoza kabisa, na mwenye kufaidika ni yule anayeiba mlango leo na dirisha kesho. Hayo ni kweli. Hatusemi kuuza ni dhambi. Lori lililokufa liuzwe. Viti vilivyovunjika viuzwe wiki hii, bila ya mtaalamu yeyote kuitwa kutoka Nairobi. Tunachosema ni kwamba kiti si mali ya namna moja na ukingo wa mto, na kanuni isiyoweza kutofautisha vitu hivyo viwili haijakamilika. Wala kuuza si njia ya pekee ya kuiokoa mali. Hapa Nyeri penyewe, pale Ruring'u, jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji wakati wa ukoloni leo ni makumbusho ambako watoto wa shule huelezwa walivyohukumiwa babu zao. Lingeweza kuitwa ziada siku mahakama ilipohama. Mtu fulani alifikiri mara mbili.

Tena tusifikiri kwamba tunaomba jambo la ajabu lisilojulikana duniani. Marekani, kwa sheria yake ya mazingira iliyopitishwa mwaka 1969, ilichukua msimamo kwamba serikali kuu inapouza kambi au jengo lake, kitendo chenyewe cha kuuza ni tendo la serikali, nalo lapaswa kupimwa athari zake kabla halijatendeka. Kwa vitu vidogo upimaji ni mfupi sana. Kwa vikubwa ni mrefu. Na tangu mwaka 1986 sheria yao inataka serikali, inapoihamisha ardhi yake, iandike katika hati ya mauzo ni sumu gani zilizohifadhiwa au kumwagwa pale, na ijifunge kuzisafisha. Hatuwatukuzi Wamarekani, kambi zao zimeacha uchafu katika nchi nyingi, na wapo wananchi wao wanaolalamika kwamba sheria hizo hupindwa. Lakini angalau mnunuzi anayo karatasi. Mnunuzi wa josho letu hana.

Sasa tuje nyumbani, tuone tuna silaha gani mkononi, maana si chache. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi ya umma haitaondolewa wala kutumiwa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge inayoeleza namna na masharti ya kufanya hivyo. Kifungu cha 69 kinaibebesha serikali wajibu wa kuweka mfumo wa kutathmini athari kwa mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila ya kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia, na hivyo mlango uliofungwa mbele ya Profesa Wangari mwaka 1989, ambao sheria ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kuufungua, sasa umefunguliwa na Katiba yenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi kuitenga ardhi ya umma isiyofaa kugawiwa: inayomomonyoka au kufurika, iliyo ndani ya misitu na maeneo oevu au katika ukanda unaoyazunguka, na ile ya vyanzo vya maji na mabonde ya mito. Na kabla ya kuigawa ardhi yoyote ya umma, Tume yapaswa kutoa notisi kwa wananchi si chini ya siku 30.

Siku 30 ni bora kuliko 28, ndugu zetu, lakini si kwa mbali. Mwenye notisi isiyoambatana na ukaguzi wowote anajua tu kwamba kitu kinakwenda. Hajui kina nini ndani.

Kwa hiyo tunataka kanuni moja, iandikwe chini ya sheria ya mazingira au chini ya sheria ya mali, hatujali ni ipi. Kamati isiruhusiwe kuitangaza ardhi wala jengo la umma kuwa ziada mpaka iwe na ripoti fupi ya ukaguzi mezani: palitumiwa kwa kazi gani tangu kujengwa, kuna maji gani karibu, paa ni la nini, ardhini kumemwagwa nini, na nani anategemea mahali hapo kwa maji, kuni au njia. Pasipo na tatizo, ripoti iwe ya kurasa mbili na mauzo yaendelee. Penye tatizo, ifanyike tathmini kamili kwa gharama ya muuzaji, yaani serikali, kabla ya kutangaza zabuni. Ripoti isomwe katika baraza la chifu, kwa Kiswahili na kwa lugha inayosemwa pale, iwe Gikuyu, Kiembu au Kimeru. Na masharti yatakayotokana na ukaguzi, kama vile kutojenga katika ukingo wa mto, yaandikwe ndani ya hatimiliki ili yamfunge mnunuzi wa kwanza, wa pili na wa kumi. Serikali za kaunti nazo zifungwe na kanuni hiyo hiyo, kwa kuwa zilirithi nyumba na viwanja vya mabaraza ya zamani, na hatuoni kwamba tabia ya kunyakua ilibaki Nairobi wakati madaraka yalipogatuliwa mwaka 2013.

Kanuni hiyo itachukua muda. Wabunge wetu wataombwa, wataahidi, wataombwa tena. Wakati tunangoja, kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu.

Kila parokia na kila ushirika uliowakilishwa hapa una wazee wanaokumbuka. Kaeni nao jioni mbili au tatu, mwandike mali yote ya serikali iliyo katika eneo lenu: majosho, maghala, karakana, machimbo ya mawe, nyumba za watumishi, vitalu vya miche, viwanja vya reli pale Karatina, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki. Kando ya kila kimoja andikeni kilitumiwa kwa nini, mto gani uko karibu, na nani anayelima au kuishi hapo leo. Msiandike uvumi juu ya majina ya wakubwa. Hilo litawafikisha mahakamani kabla ya wanyakuzi. Andikeni mnachokijua kwa macho na kumbukumbu. Mzee aliyekuwa akichanganya dawa ya josho mwaka 1965 ni ushahidi ambao hakuna maabara inayoweza kuununua, na hatakuwa nasi siku zote.

Mkiisha kuwa na orodha, ulizeni. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiuliza ofisi ya umma kama kiwanja fulani kimewekwa katika orodha ya kuuzwa, ni kikao gani kilichoamua, na kama kuna ukaguzi uliofanywa. Jibu lapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Kuomba hakulipiwi, mnaweza tu kutozwa gharama ya nakala. Ofisi ikikataa au ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala katika muda wa siku 30. Wekeni nakala ya kila barua katika ofisi ya kanisa, na mwombe ile ya kwenu igongwe muhuri wa kupokewa pamoja na tarehe, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kutoka hapo.

Barua yaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria imevitaja vyote viwili, na karani hana mamlaka ya kuikataa kwa ajili ya lugha. Na kama ni nyanya asiyejua kuandika, aende mwenyewe, aseme kwa kinywa chake anachotaka kujua kuhusu josho lililo chini ya shamba lake. Afisa wa ofisi hiyo anawajibika kisheria kuyaandika maneno yake na kumpa nakala.